Bolti Inagoma, Inalegea, Inakatika: Tafuta Chanzo Kabla ya Kununua Nyingine

Maduka ya vipuri ya Kisekka na Ndeeba jijini Kampala husikia ombi hili kutwa: "Nipe bolti ya kumi na saba." Muuzaji anatoa bolti, mteja anaondoka, na matatizo mengi utakayoyasoma hapa chini yanaanzia pale pale. Kumi na saba ni namba ya spana, na spana haikuambii bolti ni nene kiasi gani. Kwenye gari la Kijapani, spana 17 kwa kawaida hufungua bolti ya M12. Kwenye mashine iliyofungwa kwa kipimo cha zamani cha Kijerumani, spana hiyo hiyo hufungua M10. Bolti mbili tofauti kabisa zinaitwa kwa jina moja, na dukani zinalala kwenye boksi moja.

Kwa hiyo kabla ya kufika kwenye dalili, tuanze na kuisoma bolti yenyewe. Ukiruka sehemu hii utakuwa unabahatisha.

Soma bolti kwanza

Kuna mambo manne. La kwanza ni unene, unaopimwa kwa kalipa (kipimo chenye taya mbili) juu ya ncha za nyuzi. M8 ni milimita 8, M10 ni 10, M12 ni 12. Kalipa itasoma pungufu kidogo, kama 7.9 au 11.8, na hilo ni la kawaida.

La pili ni hatua ya nyuzi, yaani umbali kutoka jino moja hadi jino linalofuata. Hili ndilo linalosahaulika zaidi. Bolti ya M8 yenye nyuzi nene ina hatua ya milimita 1.25, M10 ina 1.5, M12 ina 1.75, M16 ina 2. Lakini kuna nyuzi nyembamba pia, na magari huzitumia sana: M10 yenye 1.25, M12 yenye 1.5 au 1.25, M14 yenye 1.5. Kama huna kipimo cha nyuzi, bonyeza bolti kwenye kipande cha sabuni, kisha pima kwa rula nafasi kumi za meno. Zikifika milimita 12.5, hatua ni 1.25. Zikifika 15, ni 1.5. Zikifika 17.5, ni 1.75. Njia nyingine ni kuzilaza bolti mbili ubavu kwa ubavu na kuzitazama mbele ya mwanga. Meno yakiingiana bila upenyo wa mwanga, hatua ni moja.

La tatu ni urefu, unaopimwa kutoka chini ya kichwa hadi nchani. Bolti ya kichwa kinachozama ndiyo pekee hupimwa pamoja na kichwa chake. Angalia pia nyuzi zinaanzia wapi. Bolti mbili za urefu mmoja zinaweza kuwa na shingo (sehemu isiyo na nyuzi) zisizolingana, na tutaona shida inayoletwa na shingo ndefu.

La nne ni daraja, zile namba zilizopigwa kichwani: 4.6, 8.8, 10.9, 12.9. Zidisha namba ya kwanza kwa 100 upate nguvu ambayo chuma hicho hukatikia, kwa megapaskali. Namba ya pili inakuambia ni sehemu ngapi za kumi za nguvu hiyo ambapo bolti hunyooka, yaani huvutika ikawa ndefu, na kutorudi tena. Basi 8.8 hukatika kwenye 800 na huanza kunyooka kabisa kwenye 640, na 10.9 hukatika kwenye 1000 na hunyooka kwenye 900. Bolti za inchi za Kimarekani hutumia mistari badala ya namba. Isiyo na mstari ni laini, yenye mistari mitatu ni daraja 5 na inakaribiana na 8.8, yenye mistari sita ni daraja 8 na inakaribiana na 10.9. Zile zisizoshika kutu huandikwa A2-70 au A4-70, na nguvu yake ni 700, chini ya 8.8. Watu wengi hudhani kung'aa ni ugumu. Sivyo.

Nati nazo zina daraja: 8 kwa bolti ya 8.8, na 10 kwa bolti ya 10.9. Nati ya daraja la juu kuliko bolti haina shida. Ya chini italiwa nyuzi.

Jambo moja zaidi, na ndilo msingi wa yote yanayofuata. Bolti iliyokazwa vizuri huwa imevutika kidogo sana, kama springi ngumu, na mvuto huo ndio unaobana vipande viwili visisogee. Vikiwa vimebanwa, msuguano kati yake ndio unaobeba mzigo. Mvuto ukipotea, bolti inabaki kuwa kijiti ndani ya tundu, inagongwa huku na huku mpaka ilegee au ikatike.

Dalili: nati inashika mizunguko miwili kisha inagoma

Sababu ya kawaida kabisa ni uchafu: rangi, kutu, matope yaliyokauka, au jino la kwanza lililobondwa na nyundo. Safisha kwa brashi ya waya, tia tone la oili, jaribu tena kwa vidole. Jino lililobondwa nyoosha kwa tupa ndogo ya pembe tatu.

Ikikataa bado, huenda imeingia upande. Itoe, iweke tena sawasawa, kisha izungushe *kinyume* polepole mpaka uhisi imeanguka kidogo kwenye njia yake. Hapo ndipo uigeuze mbele. Hakuna nati inayostahili kuguswa na spana kabla haijaingia mizunguko mitatu kwa vidole peke yake. Kanuni hii ingefuatwa na kila fundi wa pancha kwenye barabara ya Malaba hadi Kampala, stadi nyingi sana za magurudumu (zile bolti zilizokita kwenye gari zinazopokea nati) zingepona.

Sababu ya tatu ni hatua tofauti, na kwenye magurudumu ni hatari kweli. Magari mengi madogo ya Toyota, Honda, Mitsubishi na Mazda yana stadi za M12 zenye hatua ya 1.5. Nissan, Subaru na Suzuki hutumia M12 yenye 1.25. Unene ni mmoja, nati zinafanana kwa macho, na pengine spana ni moja. Nati ya Toyota kwenye stadi ya Subaru itaingia kidogo kisha itagoma. Mtu mwenye mashine ya upepo hatahisi kugoma huko, ataibamiza mpaka ndani, na utaondoka ukidhani gurudumu limefungwa kumbe limeshikwa na vipande vya meno yaliyosagika. Ikitokea hivyo, stadi na nati zote mbili zitupwe. Usijaribu kuzipitisha tapu na dai (vifaa vya kukatia nyuzi) na kuzirudisha kazini.

Halafu kuna inchi dhidi ya milimita. Bolti ya inchi 5/16 ina unene wa milimita 7.94, karibu sawa na M8, lakini hatua yake ni takriban 1.41. Ya nusu inchi ni milimita 12.7, inachanganywa na M12. Vinu vya mahindi na pampu zinazoendeshwa na injini za zamani za Kiingereza kama Lister, pamoja na nakala zake kutoka India, vina nyuzi za Whitworth, kipimo cha zamani cha Kiingereza, ambazo pembe ya jino lake ni digrii 55. Za milimita na za Kimarekani ni digrii 60. Kwenye nusu inchi hata idadi ya meno inatofautiana: Whitworth ina 12 kwa inchi, ya Kimarekani ina 13. Ukikuta nati ya kinu inacheza kisha inabana ghafla, peleka bolti ya zamani dukani ikiwa mkononi, usipeleke namba.

Sababu ya nadra zaidi ni nyuzi za kushoto. Pedeli ya kushoto ya baiskeli iko hivyo. Malori mengi ya Kijapani ya mtindo wa zamani yana nyuzi za kushoto kwenye magurudumu ya upande wa kushoto, na mara nyingi stadi imepigwa herufi L nchani. Viungo vya mitungi ya gesi inayowaka pia ni vya kushoto, kwa makusudi, ili visiunganishwe na vya oksijeni.

*Simama hapa:* kiungo cha gesi kikigoma usikilazimishe wala usikifunge kwa tepu. Mpelekee muuza gesi. Na ukiona nati ya gurudumu, breki au usukani imelazimishwa na mtu mwingine, gari lisisogee mpaka fundi mwenye uzoefu aifungue na kuikagua.

Dalili: umekaza leo, baada ya siku chache imelegea

Hili ndilo lalamiko ninalolisikia zaidi kutoka kwa waendesha boda boda, wenye vinu, na madereva wa taksi za abiria. Barabara ya murramu (isiyo na lami) yenye mawimbi hutikisa kila kiungo, lakini murramu inalaumiwa kuliko inavyostahili. Kiungo kilichobanwa sawasawa huvumilia mtikisiko mwingi. Mhandisi Mjerumani Gerhard Junker alionyesha mwaka 1969 kwamba kinachofungua nati zaidi ni vipande kusogeana kwa pembeni, hata kama ni kidogo mno kuonekana. Basi swali la kuuliza ni hili: kwa nini vipande vinasogea?

Anza na kilicho katikati. Rangi nene, grisi iliyoganda, kutu la maganda, au vumbi kati ya nyuso mbili hukandamizwa polepole, na kila kinapopungua unene, bolti inapoteza mvuto wake. Rimu zilizopakwa rangi upya ni mfano mzuri. Zinapendeza, lakini kama rangi imefunika sehemu inayokaa kwenye hozi (kitovu cha gurudumu) na mashimo ya nati, zitalegea. Kwangua mpaka chuma kionekane. Kisha kaza, endesha kati ya kilomita 50 na 100, kaza tena. Hatua hii ya mwisho ni lazima kila gurudumu linapotolewa, hata kama rimu ni safi.

Pili, haikukazwa vya kutosha, au imekazwa kwa kubahatisha. Kwa bolti ya 8.8 yenye nyuzi nene, kavu au yenye oili kidogo tu, viwango vya kufanyia kazi, kwa nyutoni mita (kipimo cha nguvu ya kukaza), ni takriban: M6 10, M8 25, M10 50, M12 85, M16 210. Kitabu cha mashine kikisema tofauti, fuata kitabu. Nati za magurudumu kwenye magari mengi madogo ya Toyota ni nyutoni mita 103.

Spana ya kupimia nguvu ni ghali na si kila gereji inayo, lakini mizani ya kuning'iniza, ile ya kupimia samaki au magunia madogo, inaweza kukusaidia. Ifunge kwenye mpini wa spana, sentimita 25 kutoka katikati ya bolti, ivute kwa pembe mraba na mpini. Ikisoma kilo 20, umefika karibu nyutoni mita 50. Sentimita 35 kwa kilo 30 ni 103. Ni afadhali mara kumi kuliko "kaza mpaka isikie".

Tatu, mkao wa nati haulingani na tundu. Nati za magurudumu zina mikao mitatu: koni, duara kama mpira, na bapa yenye washa yake. Rimu nyingi za chuma za magari ya Kijapani zinataka koni. Rimu za aluminiamu za asili za Toyota nyingi zinataka nati bapa yenye shingo na washa. Watu hununua rimu za mitumba na kubaki na nati za zamani, kisha wanashangaa. Nati ya koni kwenye tundu la duara inagusa mstari mwembamba tu, inakula aluminiamu, na ndani ya siku chache kuna nafasi. Ukitoa nati, tazama alama ya mgusano ndani ya tundu. Inatakiwa iwe pete pana iliyong'aa kote. Ukiona mstari mwembamba au upande mmoja tu, nati hiyo si ya rimu hiyo.

Nne, nyuzi zimeisha kabla ya kubana. Hapa ndipo ile shingo ndefu inapoingia. Nati inafika mwisho wa nyuzi, inakuwa ngumu kuzungusha, mkono unahisi imekaza, kumbe vipande bado viko huru. Jaribu kuzungusha washa kwa kidole. Ikizunguka, umekamatwa na shingo. Tumia bolti yenye nyuzi ndefu zaidi au ongeza washa nene. Kwenye tundu lisilotokea upande wa pili, chanzo ni uchafu au oili iliyokaa chini. Safisha kabisa, maana oili iliyofungiwa chini ya bolti inaweza kupasua bloku la injini unapokaza.

Tano, nati ya nailoni imechoka. Inapofika kwenye ile pete ya nailoni inatakiwa igome kwa vidole. Ikizunguka laini, imeshakufa, tia mpya. Na usiiweke karibu na ekzosi. Nailoni hupoteza nguvu ikipita takriban digrii 120, basi huko tumia nati ya kujifunga ya chuma kitupu.

Nitasema wazi kuhusu washa ya springi, kwa kuwa kila duka la Uganda huiuza kama dawa: haifanyi kazi inayosifiwa. Kwenye majaribio ya mashine ya aina ya Junker, imeshindwa kuzuia kulegea. Ukikaza bolti sawasawa, washa hiyo inalala bapa na inakuwa washa ya kawaida. Gundi ya nyuzi inasaidia kuliko hiyo. Ya bluu ni kwa kitu utakachofungua tena kwa spana. Nyekundu ni kwa kitu ambacho utakubali kukipasha moto mpaka takriban digrii 250 ukitaka kukitoa. Safisha oili yote kwanza, la sivyo haishiki. Njia nyingine ni nati mbili, na wengi huzipanga kinyume: ile nyembamba iwe *chini*, ikazwe kidogo, kisha ile nene ije juu, ikazwe kwa nguvu kamili huku ya chini imeshikiliwa isizunguke.

Mwisho kabisa, angalia tundu lenyewe. Likiwa limepanuka na kuwa yai, hakuna nati wala gundi itakayosaidia. Kwenye fremu ya kinu unaweza kuchomelea bamba na kutoboa upya. Kwenye rimu, usichomelee. Rimu yenye matundu ya yai ni ya kuuzwa kwa chuma chakavu.

*Simama hapa:* gurudumu likilegea mara ya pili baada ya kukazwa sawasawa, au ukisikia mlio wa kugonga unaofuata mwendo wa gurudumu, teremsha abiria. Hozi, stadi na rimu vikaguliwe pamoja. Vivyo hivyo kwa bolti za usukani, za breki na za mnara wa tangi la maji. Tangi la lita elfu kumi lina uzito wa tani kumi likijaa, na kulegea kwa bolti zake za msingi ni kazi ya mhandisi.

Dalili: bolti inakatika

Usitupe kipande kilichokatika. Kifute, kitazame juani, kitakuambia mengi kuliko fundi yeyote.

Kama uso uliokatika una sehemu laini yenye mistari ya kupinda inayofuatana, halafu sehemu ndogo yenye mikwaruzo, hiyo imechoka. Ufa ulianza mahali pamoja ukatambaa polepole kwa siku au miezi, mpaka chuma kilichobaki kikashindwa. Mara nyingi hukatika kwenye jino la kwanza ndani ya nati au chini ya kichwa. Chanzo karibu kila mara ni kwamba bolti ilikuwa *imelegea*, si kwamba ilikuwa dhaifu. Kuweka 12.9 badala ya 8.8 bila kukaza ipasavyo kutakupa mvunjiko ule ule baadaye, kwa bei kubwa zaidi. Rudi kwenye dalili iliyotangulia.

Kama karibu na mvunjiko bolti imekonda kama kiuno, imekazwa kupita kiasi. Paipu iliyochomekwa kwenye mpini wa spana na mtu kuruka juu yake ndiyo chanzo cha kawaida. Grisi nayo huchangia: nyuzi zenye grisi huteleza, na nguvu ile ile ya mkono inavuta bolti zaidi. Kagua wenzake waliobaki, maana walikazwa na mkono huo huo. Zungusha nati mpya kwa vidole juu ya kila moja. Ikigoma katikati ya nyuzi safi, hapo bolti imenyooka, itupe. Bolti za silinda hedi za injini nyingi za sasa hukazwa makusudi mpaka zinyooke, basi kuzitumia mara ya pili ni kujitafutia gasketi iliyoungua.

Kama uso ni bapa, wa chembechembe, bila kiuno na bila mistari, na bolti ni ya daraja la 12.9 iliyopakwa zinki inayong'aa, huenda chuma kilifanywa dhaifu na hidrojeni wakati wa kupakwa. Hukatika ghafla, saa au siku chache baada ya kukazwa, hata gari likiwa limeegeshwa. Ndiyo maana bolti ngumu hizo kwa kawaida huuzwa zikiwa nyeusi. Ukiona 12.9 inayong'aa kwa bei ya chini, iache.

Kisha kuna daraja la uongo. Bolti halali ya 8.8 au zaidi ina namba *pamoja na* alama ya kiwanda kichwani. Namba bila alama ya kiwanda, au namba iliyochorwa badala ya kupigwa, inatia shaka. Jaribu tupa: huuma chuma cha 4.6 kwa urahisi, na kwenye 10.9 huhisi kuteleza zaidi. Si kipimo cha maabara, lakini linganisha na bolti unayoiamini, utahisi tofauti. Mafundi wa Katwe jijini Kampala wana ustadi mkubwa, na bolti waliyoichonga kutoka nondo inatosha kabisa kwa geti, kwa toroli, kwa kiti cha kanisani. Isiwekwe kwenye usukani, kwenye breki, wala kwenye ekseli ya pikipiki.

*Simama hapa:* bolti ya usukani, ya breki, ya gurudumu au ya kuunganisha trela ikikatika, usibadilishe moja na kuendelea na safari. Badilisha seti nzima kwa daraja lililoandikwa na mtengenezaji, na mwite fundi wa chesisi atafute kwa nini ilikatika. Na usichomelee bolti ya daraja la juu iliyokatika ili kuiunga. Moto unaua ugumu wake.

Dalili: bolti inazunguka bure, nyuzi zimeliwa

Bolti ya kumwagia oili kwenye pikipiki za boda boda ndiyo inayoongoza. Injini ni ya aluminiamu, bolti ni ya chuma, oili hubadilishwa mara kwa mara, na kila fundi hukaza zaidi ya aliyemtangulia akiogopa kuvuja. Kuvuja kwa bolti hiyo huzuiwa na washa yake laini, si na nguvu ya mkono. Badilisha washa kila unapobadilisha oili, utaona haihitaji kubanwa sana.

Sababu ya pili ni nyuzi chache kuingia. Kwenye chuma, bolti inatakiwa iingie angalau kina sawa na unene wake: M10 iingie milimita 10. Kwenye aluminiamu weka mara moja na nusu hadi mbili. Mtu akiongeza washa au bamba bila kurefusha bolti, ameiba kina hicho.

Sababu ya tatu ni nati laini kwenye bolti ngumu, na tumeshaigusa.

Ikiwa nyuzi za mwanzo tu ndizo zilizoharibika, pitisha tapu ya kipimo sahihi kwa mkono, kwa oili, ukirudi nyuma nusu mzunguko kila unapokwenda mbele mmoja. Ikiwa zimekwisha zote, dawa nzuri ni kupanua tundu na kuingiza koili ya nyuzi ya chuma kisichoshika kutu. Kwenye aluminiamu, koili hiyo huwa imara kuliko nyuzi za awali. Njia ya kupanua na kutia bolti nene zaidi hufanya kazi mara moja, halafu ukuta wa tundu unakuwa mwembamba na hakuna pa kwenda tena. Kufunga uzi wa katani au tepu ya mabomba kwenye bolti ya oili kutakufikisha nyumbani pengine, lakini injini inayokwama kwa kukosa oili ni ghali kuliko koili mara nyingi sana.

*Simama hapa:* tundu la bolti ya silinda hedi au la plagi likiliwa nyuzi, mwachie fundi wa mashine za kukereza. Tundu likienda upande hata kidogo, umepoteza hedi.

Dalili: kichwa kimeviringika

Karibu kila mara ni spana iliyokuwa kubwa kidogo, hasa 14 ya milimita dhidi ya 9/16 ya inchi, ambayo ni 14.3. Tumia soketi ya pembe sita, si ya kumi na mbili, na igonge iingie mpaka chini. Ikiwa pembe zimekwisha, piga tupa pande mbili zinazotazamana uishike kwa koleo la kufunga, au gonga soketi ndogo kwa nyundo juu yake.

Dalili: haifunguki kabisa

Kutu ndiyo ya kwanza. Loweka kwa oili ya kupenya, au kwa dizeli ikiwa huna, uache usiku kucha. Igonge kichwani mapigo madogo mengi, hayo hupasua kutu kuliko pigo moja kubwa. Kisha jaribu *kukaza* kidogo kwanza, na ndipo ufungue. Ikisogea robo mzunguko, usishangilie ukaendelea. Rudisha, tia oili, songesha tena.

Huko Katwe ya Kasese, penye ziwa la chumvi, zinki haidumu na hata A2 hupata vidoa vinavyotoboa. Pale tumia A4, na pakaza grisi kwenye nyuzi siku ya kwanza, si siku ya kufungua. Grisi hiyo inazuia pia tatizo jingine la bolti zisizoshika kutu. Nyuzi zake hulana na kushikana zinapokazwa haraka zikiwa kavu, na zikishashikana njia pekee ni kukata. Kaza polepole, kwa mkono, bila mashine ya upepo.

Hakikisha pia si nyuzi za kushoto, na kwamba hakuna gundi nyekundu.

Moto huja mwisho. Pasha *nati*, si bolti, ipanuke. Ikiwa bado na joto, gusisha mshumaa pale nati na nyuzi zinapokutana, nta itavutwa ndani. Bolti ikikatika na kuacha kisiki, chomelea nati juu yake. Joto la kuchomelea na mahali pa kushika spana huitoa mara nyingi. Ikishindikana, toboa katikati kabisa ukianza na kekee ndogo.

*Simama hapa:* usipashe moto karibu na tangi la mafuta, mpira wa breki, shokomzoba, tairi lenye upepo, wala mfuko wa hewa wa usalama. Shokomzoba na tairi vinaweza kulipuka. Bolti iliyopakwa zinki hutoa moshi wenye sumu ikichomwa, basi ifanyie kazi nje, upepo ukikupiga mgongoni, au ikwangue zinki kwanza. Kisiki kikiwa ndani ya hedi ya aluminiamu na kekee imeshaanza kuteleza kuelekea pembeni, zima mashine upeleke hedi kwa mwenye mashine ya kutoboa iliyosimama imara. Tundu lililotobolewa katikati bado linaokoka kwa koili, lakini lililokwenda kando mara nyingi halina tiba.